Uso wa Masanja Hautajwi

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, wengine nikiwa napakua wali, wengine mkinivizia bombani. Kila mmoja nimemjibu kipande, na vipande hivyo vimeanza kuzunguka mtaani vikiwa vimeshonwa na uongo. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Mama Neema atawasomea wasioona vizuri, kisha naomba nisiulizwe tena.

Asiyetufahamu ajue kwamba mimi ni Kabula, napikia madereva wa malori hapa Isaka. Wazazi wetu walifuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita, nikabaki na mdogo wangu Masanja, ambaye wakati huo alikuwa hajui kufunga kifungo cha shati. Sasa ni mwanaume mzima, mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita, lakini nikimwita bado huitika kama mtoto.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, alirudi kutoka machimboni nusu ya uso ikiwa imelala. Jicho la kushoto halifumbi, chai inamwagika pembeni mwa mdomo. Zahanati walisema mshipa wa fahamu wa uso umepooza, wakampa vidonge, wakasema wengi hupona wenyewe kwa wiki chache. Niliposikia neno hilo "wenyewe" nikaona tunafukuzwa kwa adabu. Baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mlionionyesha njia ya Ushetu, kwa mganga Nkwabi. Alimtibu, na wiki ya tano uso ukanyooka. Tukampelekea mbuzi.

Siku ya kumpa mbuzi, Nkwabi alinishika mkono mimi, si Masanja. "Ugonjwa huu una masikio," alisema. "Mkiutaja, unarudi. Wewe ndiye mama yake, mwiko huu nakukabidhi wewe." Nikaupokea. Tangu siku ile nyumbani kwetu uso wa Masanja haukutajwa, hata kwa utani.

Kutoka Isaka hadi machimboni

Safari yenyewe ilianza na simu ya Mama Shija, anayepikia wachimbaji kule. Alisema, "Njoo umchukue mdogo wako. Mguu haumfuati."

Nilibeba blanketi, sufuria na kanga mbili, nikaomba lifti kwa dereva mmoja, mteja wangu, aliyekuwa anapeleka mzigo Rwanda. Aliniangalia, akaangalia blanketi, akazima redio. Mpaka Kahama hakuiwasha. Nilipokuwa nashuka alinipa pole ya msiba. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyekufa, nikaona maelezo ni marefu kuliko nguvu zangu. Nikasema ahsante.

Kutoka Kahama gari dogo la kwenda Kakola lilituweka juani kuanzia asubuhi hadi saa tisa, dereva akingoja abiria wawili ambao mwisho wake hawakuja. Barabara ilikuwa inatengenezwa, na vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye meno. Mama mmoja alitugawia muhogo wa kuchoma, akaniuliza naenda kufuata nini huko kwenye mashimo. Nikasema nafuata mtu wangu. "Wengi wanasema hivyo," akajibu, akanipa kipande cha pili.

Machimboni nilimkuta Masanja chini ya turubai, mbali na duara lao, yaani shimo wanalochimba. Kule mchimbaji akipooza wakati duara linatoa dhahabu, husemwa bosi wake amemtoa ndagu, amenunua utajiri kwa mwili wake. Duara lao lilikuwa linatoa. Bosi alikuwa anaogopa maneno, ndiyo maana akamhamishia mtu wake kwenye turubai, asionekane. Mama Shija ndiye aliyekuwa anamletea ugali.

Wachimbaji watatu walikuwa wamekalia viroba vya mawe wakivuta sigara.

"Shikamoo dada," alisema mmoja. "Umemfuata Kona?"

"Kona ni nani?"

"Huyu wako. Uso ulikata kona, sasa na mguu nao umekata. Bado kuegesha tu."

Wakacheka. Masanja naye akacheka, na hilo ndilo lililonikata maini. Nilimvuta pembeni.

"Umeutaja?" nilimuuliza.

"Sijautaja, Dada. Wao ndio wananiita hivyo."

"Na ukiitwa, unaitika?"

"Nisiitike vipi? Huku ndilo jina langu."

Hapo nikaona nimepata jibu. Mwaka mzima watu walikuwa wanautaja ugonjwa kwa jina lake, na mgonjwa mwenyewe anaitika. Mguu wa kulia ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine, vidole vinaburura chini, kandambili inabaki nyuma. Mtu mwenye akili zake angesema hospitali. Mimi nilisema Ushetu.

Bosi hakuja kuniona. Alituma pikipiki itutoe haraka.

Kahama, kibarazani kwa Mzee Jafari

Kahama tulisubiri gari la Ushetu kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya migodini. Mwenye duka ni Mhindi, Mzee Jafari, baba yake na babu yake waliuza hapo hapo. Masanja alikuwa ananunua kwake nyundo na kamba. Alitoka mwenyewe na viti viwili vya plastiki, akaagiza chai na sambusa.

"Masanja, karibu. Uso umepona vizuri sana, alhamdulilahi," alisema. "Na mguu una nini?"

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya moto.

"Mzee, hayo usiyaseme."

"Yapi?"

"Hayo uliyoyasema."

Alishangaa, akamwangalia Masanja, akaniangalia mimi. "Mama, sijamtukana. Nasema alikuwa mgonjwa wa uso, sasa ni mguu. Mimi hapa taa ikizimika leo na pampu ikizimika kesho, sibadilishi taa wala pampu. Natafuta waya. Mpeleke hospitali kubwa, waambie vyote viwili pamoja."

Nikasimama. Nilimshika Masanja mkono tukaacha chai inatoa moshi. Nyuma yetu mzee akawa anauliza, "Nimekosa nini? Ameudhika na sambusa?" Masanja aligeuka akampungia mkono, nami nikamkemea kwa hilo pia. Tulisubiri gari upande wa pili wa barabara, palipokuwa hapana kivuli. Jua lilipomchoma, mguu ulizidi kufa, hata kusimama akashindwa. Nikajiambia, unaona, ugonjwa umeshasikia umetajwa.

Muuza nyundo alikuwa ameshanipa jibu, bure, pamoja na chai. Hilo hunirudia mara nyingi nikiwa nakoroga uji.

Ushetu, siku nne za kufukizwa

Nkwabi ni mganga lakini pia ni mkulima wa tumbaku, na tulimkuta katikati ya kukausha. Bani lake, nyumba ya kukaushia majani, lilikuwa linawaka, na moto wa bani hauachwi. Alitupokea mikono ikiwa myeusi kwa utomvu. "Mwangaluka," alitusalimu, tukaitikia, akatugeuzia mgongo. Siku ya kwanza hakutugusa kabisa. Tulilala kwenye kibanda kilichoegeshwa kwenye ukuta wa bani, ukuta wenyewe moto kama jiko. Mkewe alitupa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, na karanga, chakula cha nyumbani kabisa, na Masanja alikula kwa furaha, akisema machimboni alikuwa ameota michembe.

Siku ya pili tiba ikaanza. Ilikuwa nyungu: chungu cha majani yanayochemka, mgonjwa anainamishwa juu yake, anafunikwa blanketi mbili. Nilishika pindo la blanketi mwenyewe, mvuke usitoke. Alipofunuliwa hakuweza kusimama. Miguu yote miwili ilikuwa kama kamba mbichi.

"Unatoka," alisema Nkwabi. "Ugonjwa ukitoka lazima upigane."

Baada ya saa mbili, Masanja akiwa amelala chini ya kivuli na maji ya mtungi kichwani, miguu ilirudi kidogo. Tukasema dawa imefanya kazi. Kesho yake tukarudia, na kesho yake tena. Kila mara alianguka na kila mara nikakaza pindo la blanketi.

Siku ya tatu, akiwa ametoka kwenye mvuke, aliniangalia kwa muda mrefu.

"Dada, kanga yako imechujuka?"

"Kanga hii mpya?"

Alifunika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. "Jicho la kulia naona nyekundu. Jicho la kushoto naona kama kutu. Na likigeuka linauma."

Nkwabi alipoelezwa, hakumtazama jicho. Alinitazama mimi. "Nani ametaja?" Nikaungama yote: jina la machimboni, Mhindi wa Kahama. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetua mzigo. "Basi kazi yangu imeharibiwa na watu wengine."

Siku ya nne alisema, "Mguu na jicho pelekeni hospitali. Hayo ni yao. Uso ni wangu, msiuchanganye na dawa zao. Ukiutaja hospitalini, Kabula, usinirudie."

Ndivyo alivyomgawa mdogo wangu vipande, nami nikakubali mgao.

Shinyanga

Tulifika Shinyanga kwa basi la mchana, Masanja akiwa hoi kwa joto. Tulifikia kwa binamu ya mama yetu, mtu mkarimu, akatupikia wali na maziwa mgando, akatupa kitanda chake.

Hospitali nitaieleza kwa ufupi, na kosa lililotokea pale si la hospitali. Kwenye chumba cha mifupa kijana wa koti jeupe aliuliza kazi ya mgonjwa. Nikasema anabeba viroba vya mawe. Akauliza kama aliwahi kuanguka. Nikasema huenda. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, "Amewahi kuugua kitu kingine chochote kabla ya hapa?"

Masanja alinigeukia. Hakuangalia daktari, aliniangalia mimi.

"Hapana," nilisema.

Picha ya mgongo ilikuwa safi. Tukapewa dawa za maumivu na kuambiwa apumzike. Tulipumzika wiki moja. Jicho la kushoto likawa ukungu mtupu, tukarudi, safari hii chumba cha macho. Mama aliyetupima alisema jicho lenyewe ni zima, kilichoharibika kiko nyuma yake, kwenye mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Naye akauliza swali lile lile. Nami nikasema hapana, safari hii haraka zaidi, maana nilikuwa nimeshazoea.

Kila mmoja nilimpa kipande, na kile kinachoviunganisha nilikaa nacho kifuani kama amana. Mama wa macho hakuridhika. Akatuandikia Mwanza.

Mwanza

Mwanza Masanja alifurahia upepo wa ziwa. Alisema mguu unakuwa mwepesi. Tulikula sato wa kukaanga karibu na stendi, na mwenye kibanda, kuona anapapasa sahani, akamtolea miba bila kuombwa. Tulidhani tutakaa siku mbili. Tulikaa wiki tatu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, hakuwa na haraka. Alimpiga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akamkuna nyayo kwa ufunguo, akamwambia ainue miguu. Kisha akamuuliza Masanja mwenyewe.

"Ukikaa kwenye joto unakuwaje?"

"Miguu inakufa. Na jicho linazima."

"Ukipoa?"

"Inarudi kidogo."

Nikakumbuka lile blanketi na mikono yangu kwenye pindo.

"Cheka kidogo," alimwambia. "Fumba macho kwa nguvu. Kunja paji la uso." Aliinama karibu. "Upande wa kushoto unachelewa. Uso huu uliwahi kupinda?"

"Hapana," nikasema mimi.

"Nilimuuliza yeye."

Masanja alikuwa anaangalia sakafu. Daktari akaweka kalamu chini, wala hakunikemea, na hilo lilinitesa zaidi.

"Mama," alisema, japo umri wetu haukupishana sana, "jicho moja limeshaingia gizani. Kama ugonjwa huu ndio ninaoudhania, unakuja na kuondoka, kila mara mahali pengine. Unaweza kufuata jicho la pili. Nahitaji kujua ulianza wapi na lini. Nisipojua, nitamtibu kama nabahatisha, na muda tulionao ni wa jicho hilo."

Akatoka kumwona mgonjwa mwingine. Tulibaki wawili.

"Dada, mwambie."

"Nyamaza."

"Basi niruhusu niseme mimi."

"Nimekwambia nyamaza, Masanja."

Mjue kwamba sikuwa nafanya kiburi. Nilikuwa naamini. Nikisema, uso unarudi, pengine safari hii haunyooki. Nisiposema, jicho la pili. Nilimlea mtu huyu kwa mikono hii, na sasa nilikuwa napima nimpoteze kwa upande upi. Daktari aliporudi nikasema. Nilisema yote kuanzia chai iliyokuwa inamwagika. Na wakati wote wa kusema nilikuwa nautazama mdomo wa Masanja, nikingoja upinde.

Haukupinda.

Alipelekwa kwenye mashine kubwa inayopiga picha za ubongo. Daktari alitugeuzia kioo, akatuonyesha madoa meupe kwa ncha ya kalamu. Alieleza kwamba kinga ya mwili wake, badala ya kupigana na wadudu, inashambulia ganda linalofunika nyaya za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Jina la ugonjwa aliliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, multiple sclerosis. Alisema huku kwetu hauonekani mara nyingi, na kuanzia usoni ni nadra zaidi, hata daktari mzuri angeweza kudhani ni mshipa wa uso tu, kama zahanati walivyodhani. Kupooza kwa uso kwa kawaida si ugonjwa huu. Kwake ulikuwa.

"Doa hili," alisema, "liko pale mshipa wa uso unapotokea. Ni la zamani."

"Lakini alipona," nikasema. "Alitibiwa akapona."

"Uso ulinyooka wenyewe. Ndivyo unavyofanya. Ugonjwa haukuondoka."

Nilimuuliza kuhusu mvuke. Alisema joto halikuongeza madoa, lilikuwa linazidisha udhaifu kwa saa chache tu. Alisema kwa upole, ili nisijilaumu. Lakini aliongeza, kwa sababu aliulizwa na Masanja na hakutaka kumdanganya, kwamba dawa ya kupunguza shambulio ni bora ipewe mapema, na wiki zile tulizozunguka hazikumsaidia mguu.

Alitundikiwa dripu siku tano. Jicho lilirudi karibu lote, nyekundu ikawa nyekundu. Mguu ulirudi nusu. Machimboni hatarudi. Kuna dawa nyingine ya kuzuia mashambulio yajayo, ambayo daktari bado anaitafuta. Akiipata atatupigia simu. Hayo ndiyo matumaini tuliyotoka nayo, na sina mengine ya kuwapamba nayo.

Kurudi

Tulirudi asubuhi kukiwa na ubaridi, Masanja na fimbo yake. Tinde tulibadilisha gari. Tulipata basi lenye nafasi, akakaa dirishani, mimi katikati, na upande wa pili mama mmoja mnene mwenye kuku wawili kwenye kikapu. Kabla hata hatujatoka stendi alishauliza.

"Huyu kijana ana nini? Ajali?"

Nilifungua mdomo kujibu, kama nilivyojibu siku zote. Masanja aliweka mkono kwenye goti langu.

"Dada, ngoja."

Akaanza kueleza mwenyewe. Alianza na uso, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya mchele. Mama wa kuku aliguna, akauliza, akacheka aliposikia jina la Kona, akaomba radhi kwa kucheka. Mimi nilikaa nasikiliza habari ninazozijua.

Kisha akafika mahali nisipopajua. Alisema miezi mitatu baada ya uso kunyooka, vidole vyake vya mkono wa kulia vilikufa ganzi, akawa anaangusha nyundo shimoni. Ilidumu mwezi, ikaisha. Baada ya hapo, kila akiinamisha shingo kuingia duarani, kitu kama umeme kilishuka mgongoni mpaka kwenye miguu. Alikuwa anaingia hivyo hivyo.

Nilimkatiza. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ungeuliza yameanzia wapi."

"Ulimwogopa Nkwabi kiasi hicho?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, nami ningependa angekuwa nayo.

"Nkwabi simwogopi, Dada. Nilikuogopa wewe."

Mama wa kuku akaangalia pembeni. Masanja alingoja kidogo, kama kunipa nafasi, kisha akamgeukia tena yule mama, akaendelea pale alipokuwa ameachia, kwenye umeme wa mgongoni, kisha siku mguu ulipoacha kumfuata, kisha turubai. Basi liliingia Isaka, na alikuwa bado hajamaliza.